Yule mliyemwita babu alikuwa na miaka 24

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka 31 na sijawahi kukuandikia. Sikuandika mlipoacha kuchapisha ratiba ya maji kujaa na kupwa, ambayo sisi wa pwani tuliihitaji, wala sikuandika mlipolihamishia fumbo la maneno nyuma ya matangazo ya vifo. Leo naandika kwa sababu ya ile makala yenu ya Jumapili kuhusu filamu za kauboi za zamani, iliyodai kwamba zilikuwa sinema za bei chee zilizojaa wazee waliochoka wakijifanya vijana. Juu yake mliweka picha ya nusu ukurasa ya mtu mwenye kofia, anaburuta jeneza kwenye matope, na chini ya picha mkaandika kwamba huyo ni mmoja wa mababu wa Hollywood.

Mtu huyo ni Franco Nero. Ni Mwitaliano, na filamu yenyewe, Django, ni ya Waitaliano, iliyotoka mwaka 1966. Nero alizaliwa Novemba 1941, kwa hiyo alipokuwa akiliburuta jeneza lile alikuwa na miaka 24. Najua kwamba huku kwetu kila mvaa kofia pana aliyepanda farasi aliitwa Django, na mtaani kwetu walikuwapo akina Django watatu, mmoja wao muuza kahawa. Lakini kijiwe ni kijiwe na gazeti ni gazeti. Mmeandika makala nzima ya kuwacheka wazee, na katika wazee wote wa dunia mkamchagua kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wao.

Kama mwandishi wenu alikuwa na shida ya mzee wa kweli, angemtafuta Randolph Scott, ambaye alimtaja mara moja tu, kwa mstari mmoja, kuwa ni "mgumu kama gogo". Scott alizaliwa Januari 1898. Kati ya mwaka 1956 na 1960, akiwa katika umri ambao karani wa serikali anafunga faili zake na kusubiri kiinua mgongo, aliigiza filamu 7 zilizoongozwa na Budd Boetticher, mtu ambaye kabla ya sinema alikuwa amejifunza kupigana na mafahali huko Mexico. Ya kwanza, Seven Men from Now, ilitengenezwa na kampuni ya John Wayne. Mfaransa André Bazin, ambaye hakuna msomi wa sinema asiyemjua, aliisifu mwaka 1957 kuwa ni kauboi ya kupigiwa mfano. Ride Lonesome, mojawapo ya hizo saba, ilipotoka mwaka 1959, Scott alikuwa ametimiza miaka 61. Ndiyo, uso wake ulikuwa umekakamaa na hakucheka ovyo. Hivyo ndivyo anavyokuwa mtu wa miaka 61 ambaye, katika hadithi ile, amefiwa na mke na bado hajamaliza kazi yake, na Boetticher alilijua hilo vizuri kuliko mwandishi wenu.

Sasa hili la bei chee. Ni kweli kwamba filamu hizi hazikuwa na fedha. Nyingi zilipigwa kwa majuma mawili au matatu hivi, na karibu zote zinakwisha kabla ya dakika 80. Lakini mwandishi wenu angejiuliza uchache huo wa fedha ulizaa nini. Kujenga mji wa mbao wenye baa, benki na kanisa ni gharama, kwa hiyo Boetticher na mtunzi wake, Burt Kennedy, waliwatoa watu mjini wakawapeleka kwenye majabali ya Lone Pine, California, chini ya Mlima Whitney. Wakabaki watu watano na farasi wao, na usiku moto mmoja. Watu watano wakikaa kuzunguka moto mmoja hawana la kufanya ila kuzungumza na kuchunguzana nani atamgeuka nani asubuhi. Majambazi nao hawakuwa nyota ghali. Walikuwa vijana ambao majina yao yalikuwa bado hayajauza tiketi, kama Lee Marvin, au James Coburn ambaye Ride Lonesome ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza. Hao ndio walioachiwa maneno matamu, wakasema ndoto zao za shamba dogo na ng'ombe, huku steringi mwenyewe akisikiliza tu. Na Lee Van Cleef, yule wa macho membamba ambaye baadaye Waitaliano walimfanya steringi akiwa na miaka 40, yumo pia katika Ride Lonesome, kwa dakika chache. Hakuna tajiri wa filamu ambaye angeruhusu jambazi aongee kuliko mtu aliyemlipa fedha nyingi. Umaskini uliruhusu.

Kuhusu hoja kwamba "mababu hawa waliwakimbiza wasichana", nakubali kwamba Hollywood ilikuwa na ugonjwa huo na haijapona hadi leo. Lakini katika Ride Lonesome mwanamke anaondoka na wengine, na Scott anabaki peke yake. Katika Comanche Station anamkomboa mke wa mtu, anamrudisha nyumbani kwa mumewe, kisha anageuza farasi wake na kwenda zake, kwa sababu kwa miaka 10 anamtafuta mke wake mwenyewe aliyetekwa. Katika The Tall T ya mwaka 1957 ndipo anapoondoka na mwanamke, naye ni Maureen O'Sullivan, yule yule aliyekuwa Jane wa Tarzan, ambaye wakati huo naye alikuwa na umri wa kutosha kuwa mama wa watoto wakubwa. Huyo ndiye msichana aliyekimbizwa, Ndugu Mhariri?

Nilikuwa na miaka 12 hapa Tanga nilipoiona Ride the High Country, filamu ya mwaka 1962, katika jumba la sinema ambalo leo ni ghala la mifuko ya saruji. Tuliingia kwa sababu ya bastola kwenye bango. Mbele kulikuwa na mabenchi, na sheria moja iliyotawala mabenchi yale kila mtoto aliijua: steringi hafi. Filamu inaanza na mzee, Joel McCrea, anaingia mjini juu ya farasi, watu wamejipanga pande zote mbili za barabara wanashangilia, naye anagusa kofia yake kwa unyenyekevu, akidhani wanamshangilia yeye, kumbe wanangoja mashindano ya ngamia dhidi ya farasi, na polisi anamfokea ajiondoe njiani. Tulicheka sana. Baadaye anakwenda benki kutafuta kazi ya kulinda dhahabu, na anapopewa mkataba anaomba apite kwanza msalani, kisha huko, mlango ukiwa umefungwa, anatoa miwani mfukoni asome, ili wenye benki wasijue kwamba macho yamekwisha. Pindo za mikono ya shati lake zimechakaa. Scott ndiye rafiki yake wa zamani, amejivika nywele za bandia na anaendesha kibanda cha kulenga shabaha, akiwahadaa vijana wa mjini. Hao ndio wazee "waliojifanya vijana", na ndivyo filamu ilivyotaka uwaone, inakuonyesha nywele za bandia na miwani iliyofichwa na hukumu inakuachia wewe. Mwishoni McCrea anapigwa risasi, anaomba wale vijana wasimwone akifa, anaitazama milima mara moja, kisha anateremka polepole na kutoka kwenye picha, na picha inabaki na milima tu. Mabenchi yote yalinyamaza. Mtoto mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, "Ataamka." Taa zikawaka, akawa hajaamka, na tuliondoka bila kupigana mieleka njiani kama tulivyozoea. Mwandishi wenu anasema filamu hizi "hazina la kumfundisha mtazamaji wa leo". Mimi nilijifunza pale, kwenye benchi, kwamba steringi anakufa, na baba yangu alipofariki miaka 3 baadaye nilikuwa tayari nimeambiwa.

Scott baada ya hiyo hakuigiza tena. Alistaafu akiwa tajiri na akaishi hadi mwaka 1987, jambo ambalo lingetosha kabisa kumwondolea mtu sifa ya "kuchoka".

Nisingekuwa na hasira kiasi hiki kama makala yenu isingenikuta kwenye kidonda kingine. Mwezi mmoja kabla, nilikwenda kwa kijana mmoja anayejaza watu filamu kwenye flashi, nikamwomba Ride Lonesome. Alinisalimia vizuri, shikamoo babu, marahaba, akaipata, akanitoza shilingi 1,000. Nimefika nyumbani nakuta kwanza kwamba picha, ambayo ilipigwa kwa upana mkubwa ili majabali na watu waenee, imekatwa pande zote mbili, hivi kwamba watu wawili wanapozungumza unaona pua ya mmoja na sikio la mwingine. Pili, juu ya filamu nzima anaongea DJ, mtafsiri wa Kiswahili. Sina ugomvi na watafsiri kwa ujumla, wapo wanaomsaidia mtu asiyejua Kiingereza, na mama yangu angewabariki. Lakini huyu alimpa Scott jina la "Babu Mkonge", alimcheka kila alipopanda farasi, na kila paliponyamaza aliingiza namba yake ya simu. Sasa filamu ile inaishia kwenye mti mmoja. Ni mti ambao jambazi alimnyongea mke wa Scott, na safari nzima, ambayo watu walidhani ni ya kutafuta fedha za zawadi, ilikuwa ni ya kumvuta jambazi huyo arudi chini ya mti ule. Kazi ikiisha, wengine wanakwenda zao, na Scott anabaki peke yake anautazama mti ukiungua, bila neno. Ni moja ya miisho mikubwa ya sinema. Pale, Ndugu Mhariri, pale pale, wakati moto unapanda matawini na moshi unakwenda juu, DJ alisema: "Babu sasa anachoma mkaa," akataja bei ya gunia, akacheka, akaita namba yake mara mbili. Niliporudi kwa yule kijana kulalamika alinijibu kwa adabu kabisa kwamba zile za kimya haziuziki, akaniongezea nyingine bure. Nayo ina DJ yule yule.

Ninyi na DJ ni kitu kimoja. Yeye anaongea juu ya ukimya wa mzee kwa sababu hauvumilii, na ninyi mnamwita gogo kwa sababu hiyo hiyo. Nilipokuwa mtoto nilimwona Scott kuwa ni babu. Sasa nina miaka 70, nimemzidi Scott wa Ride Lonesome kwa miaka 9, na naona kijana anayejitahidi.

Ninachotaka ni haya. Mchapishe masahihisho ya ukubwa ule ule wa jeneza, nusu ukurasa, yenye jina la Franco Nero na umri wake kwa tarakimu, si kwenye kile kisanduku kidogo karibu na bei za nafaka. Kisha mwandishi wenu apande basi aje Tanga. Mpwa wangu aliyeko Muscat ameniletea diski halisi ya Ride Lonesome, picha nzima bila kukatwa, na televisheni yangu nimeshaiondolea ule mtindo wa kunyoosha sura za watu zikawa kama maboga. Filamu ina dakika 73. Chai ya tangawizi itakuwapo na kiti cha ukindu kipo. Simu ataiacha mlangoni kwa mke wangu, ambaye alikuwa mwangalizi wa mitihani kwa miaka 26 na hapokei sababu. Mti ukianza kuungua, akitamka neno lolote, nauli ya kurudi atajitegemea.

Karani mstaafu wa bandari,
Chumbageni, Tanga.