Vidonge vilivyobaki kabatini

Mhariri,

Kijana anayetumia vibaya tramadoli au kodeini, dawa kali za maumivu, mara nyingi huzipata nyumbani: vidonge vilivyobaki mtu alipong'olewa jino au kuvunjika mkono. Aliye hatarini zaidi ni mwenye sonona isiyotibiwa, aliyeanza pombe au sigara mapema, au mwenye uraibu katika ukoo. Tafadhali, msimwite mhuni; ataficha tu.

Akizichanganya dawa hizi na pombe au dawa za usingizi, pumzi hupungua hadi kukoma. Midomo ikigeuka bluu na haamki, mkimbizeni hospitali. Tramadoli huweza pia kuleta degedege.

Mzazi avihesabu vidonge, avifungie kwa ufunguo, atoe dozi kwa mkono wake, na masalio ayarudishe famasi. Kwa jino, mwulizeni daktari kwanza kuhusu ibuprofeni na parasetamoli. Mara nyingi zinatosha.

Wafamasia