Bwana Mhariri, sisi hatujazoea

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita mliandika kwamba watu wa Goma wamezoea. Volkano, risasi, benki kufungwa, bei ya unga: yote tumeyazoea. Mimi ni mama fundi wa kushona hapa Majengo, na neno hilo nalisema kila siku. Mteja akiniuliza habari, namjibu, "Tumezoea, mama." Leo nalikana.

Mwezi jana nilishona mkono wa kushoto wa blauzi ya harusi upande wa kulia. Nikafumua, nikarudia kosa lilelile. Mara ya tatu nikamfokea binti yangu mdogo kwa kuwa alikuwa anaimba. Anaimba tu! Jioni kichwa kikaniuma hadi kwenye meno, nikaenda kituo cha afya nikijua ni malaria. Kipimo kikakataa. Muuguzi, mama mtu mzima, akaniuliza nalala namna gani. Nikamwambia: na viatu.

Mtacheka. Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu Nyiragongo ilipopasuka, nilitoka nyumbani pekupeku, mtoto mgongoni, mbingu imekuwa nyekundu, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Tukarudi, na ardhi ikawa inatetemeka mchana na usiku. Tarehe 27 mtaa wetu ukaambiwa uhame; safari hiyo tukaelekea Sake. Anayejua mawe ya Goma anajua miguu yangu ilikuwaje. Tangu hapo nalala nimevaa raba, na mfuko uko nyuma ya mlango: kadi za uchaguzi, bulteni za shule (ripoti za watoto), tochi, nguo. Lori likipita usiku na kitanda kikitikisika kidogo, mimi nimeshasimama. Halafu asubuhi nashangaa kwa nini mkono wa blauzi umekwenda kombo.

Muuguzi alinitajia Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili cha hapa Goma. Niliruka kama aliyechomwa sindano, maana huku kwetu ukionekana umeingia pale, kabla ya jua kuzama mtaa mzima umeshakuita mwenda wazimu. Hakunilazimisha. Akasema basi tuanze na viatu: wiki ya kwanza vilale kitandani kando ya miguu, ya pili chini ya kitanda, ya tatu mlangoni. Vimefika chini ya kitanda na vimekwama hapo, wiki ya tano sasa. Usingizi hata hivyo umeongezeka, na kile kichwa kinauma mara mojamoja tu.

La mfuko hakuniambia mtu. Niliufungua mwenyewe Jumapili baada ya misa. Ndani nikakuta gauni la mtoto wa miaka miwili. Huyo mtoto sasa anasoma shule ya msingi, ndiye yule mwimbaji! Hata Januari 2025, tulipolala sakafuni siku kadhaa kwa ajili ya risasi, niliukumbatia mfuko ule bila kuufungua. Nilikaa chini nikalia, kisha nikamwita jirani yangu, na yeye akaenda kuleta wa kwake. Ulikuwa na maziwa ya kopo yaliyoharibika zamani.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, mkituandika tena, mtuulize kwanza mifuko yetu ina nini.

Lile gauni nimempa mtoto wa jirani. Nimeshona lingine la kumtosha binti yangu, nikalikunja mfukoni. Pindo nimeliacha refu.

Mama fundi, Majengo, Goma