Mpimeni mtoto getini, si juu ya ngazi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye viwanja vya michezo ya watoto, pamoja na wazazi ambao Idi ikikaribia huanza kuulizwa kila usiku, "Lini tunakwenda?"

Mwaka juzi nilimchukua mjukuu wangu wa kiume, wakati huo ana miaka mitano, tukapanda basi la alfajiri kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kwenye kiwanja kimoja chenye mabwawa na mitelezo ya maji. Jina lake nalihifadhi. Getini nikalipa, yangu na yake, tukafungwa mikanda ya karatasi mkononi. Tukapanda ngazi za mtelezo wa kwanza. Kijana anayesimamia kule juu akamtazama mtoto, akaniambia, "Huyu bado mfupi, bibi." Tukashuka. Wa pili, vilevile. Wa tatu pampu ilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita. Mtoto akaishia kwenye kibwawa cha maji ya magotini pamoja na watoto wa miaka miwili, nami nimekaa pembeni na mkoba wangu napiga hesabu ya nauli. Nilipokwenda dirishani kuuliza kwa nini sikuelezwa kabla sijalipa, nikajibiwa kwamba kimo kimeandikwa. Ni kweli kimeandikwa. Kimeandikwa juu, mwisho wa ngazi.

Nilikuwa nimeshaliacha lipite. Lililonirudisha kwenye kalamu ni safari ya Juni mwaka huu, nilipokwenda Marekani kwa binti yangu anayeishi Atlanta. Ana msichana mdogo, na alikuwa amepania kumpeleka kwenye bustani za Disney kule Florida kabla hajatimiza miaka mitatu, kwa kuwa wa chini ya umri huo hakatiwi tiketi. Viza yangu ikachelewa, mtoto akatimiza mitatu, tukalipa. Basi binti yangu akasema, kama ni kulipa, tulipe tukijua tunanunua nini.

Wiki mbili kabla ya safari alimsimamisha mtoto kwenye fremu ya mlango wa jikoni, akachora mstari kwa penseli. Sentimita 96. Kisha akafungua kompyuta. Kumbe kila mchezo wa kule umeandikiwa kimo chake kwenye tovuti, mtu anakisoma yuko nyumbani kwake na hajatoa hata senti. Bustani ziko nne. Tulichagua ile ya wanyama, Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, kwa sababu mchezo wake mkubwa ni kuzungushwa na gari lililo wazi kati ya twiga na tembo, na huo hauna kimo, hata mtoto wa mgongoni anapanda. Treni ya mlimani iitwayo Expedition Everest inataka sentimita 112. Mashua za mtoni zinataka 97.

Sentimita moja, Mhariri! Nilishauri tumtafutie viatu vyenye soli nene. Binti yangu akanitazama kama mimi ndiye mwenye miaka mitatu. Mtoto hakuambiwa kabisa kwamba kuna mashua. Tulipopita karibu nazo tulimwonyesha ndege.

Mkwe wangu alitaka sana ile treni. Wana utaratibu mzuri kwa wenye watoto wadogo: mzazi mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Niliwaambia nendeni nyote wawili, bibi ni utaratibu wa zamani kuliko Disney.

Chakula tulibeba wenyewe, na hili liwafikie wale ambao nduguzao wamewaalika huko: kinaruhusiwa. Chapati, mayai ya kuchemsha, matunda, vyote vilipita kwenye ukaguzi. Chupa za kioo ndizo haziruhusiwi, kwa hiyo achari yangu ya maembe, niliyotoka nayo Tanga ndani ya sanduku, ilihamishiwa kwenye kopo la plastiki usiku wa kuamkia safari. Maji ya baridi unapewa bure kwa kikombe kwenye vibanda vya chakula, ukiomba. Kipo pia chumba cha kunyonyeshea na kubadilishia watoto nepi, kitulivu, chenye ubaridi. Hapo mimi mwenyewe nilikaa nikanyoosha miguu, na hakuna aliyeniuliza mtoto wangu yuko wapi.

Kigari cha mtoto unakiacha nje ya kila mchezo, kwenye eneo lake, na wahudumu huvisogeza ili kupanga nafasi. Ukitoka unakuta vigari mia, vyote vyeusi, na chako hakipo ulipokiacha. Mimi nilifunga kanga kwenye mpini, ile ya "Mgeni njoo mwenyeji apone". Tulikiona kutoka mbali kila mara, na mama mmoja wa huko akataka kuinunua.

Tuliingia asubuhi mlango ulipofunguliwa, tukaanza na wanyama wakati jua halijawalaza. Twiga mmoja akasimama katikati ya njia, dereva akazima injini tukamsubiri. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, hapa ndiyo Tanga?" Nikamwambia hapana, vifaru wetu wako Mkomazi, na si wa kukutana nao hivi barabarani. Saa sita tulitoka, mtoto akalala hotelini. Wengi walibaki. Saa tisa radi ikaanza kupiga, kama ilivyo kawaida ya Florida miezi hiyo ya joto, na radi ikipiga michezo ya nje husimama. Sisi tulikuwa kitandani.

Kuna jambo lingine lazima niliseme, nimefundisha Kiswahili miaka 31. Safari hiyo ya wanyama inaitwa Kilimanjaro, na inaanzia kwenye kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe. Kwa "e" moja. Kuta zake zimeigwa Lamu, plasta imechubuliwa makusudi ionekane imekula chumvi ya bahari. Kuna duka la Mombasa, kuna kibanda cha Tamu Tamu. Niliposoma "Tamu Tamu" kwa sauti, mjukuu wangu, ambaye kwao ni Kiingereza asubuhi hadi jioni, akaruka: neno hilo analijua, ndilo ninalomwambia kila ninapompa embe. Nilifurahi na nikaudhika kwa wakati mmoja. Nilitamani ningekuwa na kalamu nyekundu niongeze ile "e".

Sasa nirudi nyumbani. Siwaombi wenzetu wa hapa wajenge mlima wa bandia, wala sidai kwamba watoto wetu wamekosa pa kuchezea. Nimekua nikiona watoto wa Unguja wakisubiri sikukuu waende kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto pale Kariakoo, na bembea lao liliwatosha. Ninachoomba kinagharimu kopo la rangi na ubao. Chora mstari wa kimo ukutani, pembeni ya dirisha la tiketi, mtoto asimame pale mzazi akiwa bado ameshika pesa yake. Andika chini yake, kwa Kiswahili, michezo anayoweza kupanda mtoto wa kimo hicho na asiyoweza. Mashine mbovu itajwe kwenye ubao huohuo asubuhi ile, na bei ipungue. Wenye simu za kiwanja wazipokee, na anayepokea awe anajua kimo cha kila mchezo, mimi nilipopiga mwaka juzi niliambiwa tu, "Njoo, bibi, watoto wote wanafurahi."

Nawe Mhariri, kila Idi na kila Krismasi ukurasa wa burudani hujaa matangazo ya wasanii watakaotumbuiza. Ungetenga nafasi ndogo, sentimita kumi tu za safu moja, uchape kila kiwanja na vimo vyake, wazazi wa mikoani wangekata gazeti lako wakalibandika mlangoni. Na wasioleta vimo vyao, majina yao yachapwe yakiwa na nafasi tupu mbele yake.

Mjukuu wangu wa kiume sasa ana miaka saba. Nimempima jana kwenye fremu ya mlango: sentimita 119, bila viatu. Idi hii hatupandi basi mpaka mtu anitajie namba.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga