Ugali tunausema, karai tunalinyamazia

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu lishe ya wagonjwa wa kisukari ilikuwa nzuri, ila imerudia yale yale tunayoambiwa kila siku: acha sukari, punguza ugali, wali usiuguse. Mafuta ya kupikia hayakutajwa hata mara moja. Kwa gazeti linalosomwa Mwanza, ambako samaki asipokaangwa watu wanaona hajapikwa, hilo ni pengo kubwa.

Nendeni soko la samaki la Mwaloni Kirumba mchana. Mzee anaketi, anatangaza kwamba ana sukari, anamega ugali kidogo kisha sahani anamsogezea mwenzake. Halafu anaagiza sangara, kipande cha tumboni, kinatolewa karaini kinachuruzika. Mafuta yenyewe yamekaangiwa tangu asubuhi mpaka yamekuwa meusi kama oili chafu ya gari. Na sangara ana mafuta yake ya kutosha, hata wapo akina mama wanaoyayeyusha wakakaangia! Mzee anakula, anafuta mikono, anaamini amefuata masharti.

Kisukari aina ya pili, hasa miaka ya mwanzo, kwa wengi si kukosa insulini, ile homoni inayoiamuru sukari itoke kwenye damu iingie mwilini. Insulini ipo, pengine kuzidi ya asiyeumwa, ila misuli na ini haviisikilizi. Huo ndio usugu wa insulini, na mafuta yanayojazana ndani ya misuli na ini ni miongoni mwa sababu zake kubwa. Yakizidi humo, ujumbe wa insulini haufiki vizuri, sukari inabaki kwenye damu. Ini nalo linaendelea kumwaga sukari usiku kucha, ndiyo maana mtu anapima asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni na kipimo kiko juu.

Hayo si mageni. Miaka ya 1930 daktari Harold Himsworth wa London alionyesha kwamba hata watu wenye afya, wakilishwa mafuta mengi na wanga kidogo, miili yao inaimudu glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, vibaya zaidi. Mwaka 1963 mtafiti Mwingereza Philip Randle na wenzake wakaeleza jinsi mafuta na glukosi yanavyogombea kuchomwa ndani ya misuli. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya utafiti wa DiRECT wa Uingereza: wagonjwa wa kisukari aina ya pili walipewa mlo wa kalori kama 850 tu kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, na mwaka ulipotimia asilimia 46 yao sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, waliofanikiwa hivyo walikuwa asilimia 86. Walikuwa wameugua kwa miaka isiyozidi sita, jambo la kuzingatia.

Sisemi soda sasa ziruhusiwe. Wanga ukipita kiasi, ini huugeuza mafuta pia. Wala mafuta hayalingani: ya mawese karibu nusu yake ni yale yaliyoshiba (aina inayoganda kwa urahisi), yanayoongeza usugu kuliko ya alizeti. Lakini kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina kalori kama 120, na sijaona jiko ambalo mafuta yanapimwa kwa kijiko. Bibi zetu wa Kisukuma walikula ugali wa mtama na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kila siku. Najua, walishika jembe pia, sokoni hawakupelekwa na bodaboda.

Ombi langu ni dogo. Kliniki za kisukari, pamoja na kuuliza ugali, zimuulize mgonjwa: lita moja ya mafuta inakaa siku ngapi kwenu, na mko wangapi? Nanyi mkiandika tena, mtafuteni mtaalamu wa lishe aeleze sato anavyopikwa mchuzi wa nyanya bila kukaangwa kwanza. Ila anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula ghafla kabla ya kumwona daktari, maana dozi ile ile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari mno ikamwangusha.

Mwalimu mstaafu,
Nyamanoro, Mwanza