Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Mradi wa Umeme wa Jua, Mwambao wa Uvinza, Kigoma

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliikabidhi kamati kazi moja nzito: kutafuta sababu ya mtambo wetu, uliojengwa kwa michango yetu na kwa mkopo ambao bado tunaulipa, kuzimika saa 8 usiku ilhali paneli za kilowati 30 zimejaa juu ya paa la ghala na jenereta yetu ni kubwa kuliko ya kijiji chochote cha jirani. Taarifa hii inaeleza tulichokikuta, tulichokibadilisha na tunachoomba mkiamue. Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Kosa la kwanza lilifanyika kabla ya paneli hata moja kupanda juu. Mkandarasi aliyetuchorea mtambo alipita nyumba kwa nyumba akihesabu friza, televisheni na taa, akasoma wati zilizoandikwa nyuma ya kila kifaa na kuzizidisha kwa saa alizozikisia mwenyewe. Jumla yake ilikuwa sahihi kwa hesabu, lakini haikuwa picha ya kijiji cha wavuvi. Kwa hiyo katibu na vijana wawili walisoma mita kuu kila saa, usiku na mchana, kuanzia giza la mwezi mmoja hadi giza la mwezi uliofuata, wakaandika kila namba kwenye daftari la kaunta ambalo leo liko mezani kwa yeyote anayetaka kulifungua.

Daftari hilo limetufundisha jambo ambalo kila mmoja wetu alilijua lakini hakuna aliyelihusisha na umeme: matumizi yetu yanafuata mwezi. Siku za giza, dagaa wanapofuata taa na mitumbwi yote iko ziwani, tunatumia uniti (kilowati-saa) 118 kwa siku, kwa sababu mchana betri za taa za kuvulia zinachajiwa kwa wingi na mashine ya barafu haipumziki. Mbalamwezi inapotoka na wavuvi wakabaki nyumbani, matumizi hushuka hadi uniti 74, na sehemu kubwa ni ya jioni. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa, yaani uvuvi uliposimamishwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, tumeona kwamba matumizi huwa madogo kabisa katika miezi ileile ya kiangazi ambayo jua ni jingi, kisha hupanda wakati mawingu ya Novemba yanapoanza kutanda. Mtambo uliopimwa kwa wastani wa mwaka mzima utakuwa mkubwa kupita kiasi mwezi Juni na utapungukiwa mwezi Desemba. Wetu ulipimwa hivyo.

Tukitoa hasara ya joto, ya vumbi na ya nyaya, paneli hizi hutupatia takriban uniti 100 katika siku nzuri, na siku ya mawingu mazito hazifikishi 70. Pengo la siku za giza wakati wa mvua, kwa hiyo, ni kama uniti 50, na hilo ndilo jenereta inalopaswa kuziba. Wengi walipendekeza tuongeze betri. Niliwapinga wakati ule na bado nawapinga, kwa kuwa betri haizalishi umeme; ukiongeza betri bila kuongeza kinachoijaza, umeongeza pipa tupu.

Badala yake tuliangalia usiku. Mashine ya barafu ilikuwa ikifanya kazi usiku kucha ili barafu iwe tayari alfajiri mitumbwi inaporudi mwaloni, ufukoni inakoshushwa samaki, na huo ulikuwa umeme wa betri, ambao ni ghali kuliko ule unaotumika moja kwa moja jua likiwaka. Sasa mashine inawashwa saa 3 asubuhi na kuzimwa saa 10 jioni, na barafu inalala kwenye sanduku lenye kuta nene za povu tulilolijenga wenyewe. Matumizi ya usiku katika siku za giza yameshuka kutoka uniti 60 hadi 41. Nawashukuru sana akina mama wa mwaloni, ambao walikubali kununua barafu ya jana na kuthibitisha kwamba haijapungua ubora.

Betri za risasi za awali zilikufa zikiwa na miaka mitatu tu. Betri za aina hiyo hazipaswi kushushwa chini ya nusu ya uwezo wake, na zetu zilishushwa karibu kila usiku. Tena zilikaa chini ya bati kwenye joto la nyuzi 38, ilhali kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa takriban nusu. Tumenunua betri nne za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma, zenye uniti 57 kwa jumla, ambazo tukitumia asilimia 80 tunapata uniti 45. Kama barafu ingeendelea kutengenezwa usiku, tungelazimika kununua sita. Chumba kimewekewa dari na matundu ya hewa, na fundi ameibadilisha mipangilio ya chaji, kwani ile ya betri za risasi ingeziharibu hizi mpya.

Jenereta ilikuwa na kVA 60, yaani kilowati 48, na usiku ilibeba kilowati 8. Injini ya dizeli inayofanya kazi chini ya theluthi ya uwezo wake haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi hujaa kwenye ekzosi. Mliuona ule utomvu mweusi ukichuruzika ukutani. Ilikula lita 26 kuzalisha uniti 40. Ilinunuliwa kubwa hivyo kwa sababu moja tu: mota ya mashine ya kusaga, ya kilowati 11, ambayo ikiwashwa kwa mkupuo huvuta umeme mara sita ya kawaida. Tumeifungia kifaa kinachoipandisha mwendo taratibu, na sasa inasaga mchana tu, kwa jua. Jenereta kubwa imeuzwa na tumenunua ya kVA 20. Ikiwa saa 12 jioni betri ziko chini ya asilimia 60, inawashwa palepale, wakati matumizi ni makubwa, ili ibebe kijiji na kuchaji kwa pamoja. Kwa saa nne inatoa uniti 51 kwa lita 17. Tunaizima kabla betri hazijajaa, ili jua la asubuhi likute nafasi. Kwa dizeli inayokuja kwa boti ndani ya madumu, kila lita tuliyookoa ni ya thamani.

Lazima niwaeleze pia kuhusu usiku wa Februari. Mlinzi alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akaniamsha. Katika chumba cha inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumika majumbani, waya mnene wa betri, ambao mzigo wote ukiwa juu hupitisha karibu ampea 300, ulikuwa umelainika mwishoni, na ganda lake jekundu limegeuka kahawia kwa urefu wa kidole. Nati moja ilikuwa imekazwa kwa mkono tu. Tulikata fyuzi kwanza, kisha tukasubiri asubuhi gizani. Tangu hapo nati zote hukazwa kwa spana yenye kipimo kila baada ya miezi mitatu, na anayekaza huweka sahihi. Nilipaswa kuagiza hivyo tangu siku ya kwanza.

Ninaomba mkutano uamue mambo mawili. Kwanza, sehemu ya malipo ya kila uniti iwekwe katika akaunti ya pekee ya kununulia betri nyingine hizi zitakapochoka, na isiguswe kwa dizeli wala kwa posho. Pili, maombi ya friza nne mpya za maduka ya mwaloni yasipitishwe leo. Kamati inapendekeza kila friza ifungiwe mita kwa mwezi mmoja kamili, giza na mbalamwezi, na majibu yaletwe kwenye kikao cha Septemba, kabla ya mvua.

Mwenyekiti