Somo, kengele ndizo zilizotangulia kushuka

Innsbruck, 11 Februari

Somo yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, ila baridi ndiyo hiyo, hata pumzi inaganda kwenye ndevu. Ujumbe wako wa harambee ya kununulia kigango chetu kengele nimeupata, na ule wa kunikumbusha, na ule wa kunikumbusha kwamba ulinikumbusha. Tulia. Mchango wangu utafika mwisho wa mwezi. Kwanza nikusimulie safari ya Jumamosi, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike barua nzima badala ya kukutumia maneno mawili ya simu.

Kuna kijiji kinaitwa Graun, upande wa Italia, karibu na pale mipaka ya Italia, Austria na Uswisi inapokutana. Waitaliano wanakiita Curon, lakini wenyeji wanasema Kijerumani, kwa sababu nchi yao ilikuwa ya Austria mpaka Italia ilipoichukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka hapa unapanda treni hadi Landeck, kisha basi linalojivuta mlimani kama yale ya Ugweno enzi zetu. Unafika juu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, unaona ziwa refu, na ndani ya ziwa, si mbali na ukingo, umesimama mnara wa kanisa. Mnara mtupu na paa lake lililochongoka. Kanisa lenyewe hakuna. Kijiji hakuna.

Msimu huu ziwa limeganda, kwa hiyo nilitembea juu ya maji kama Petro, na imani yangu ilikuwa ileile ya Petro, yaani haba. Kila barafu ilipolia chini yangu nilishika rozari mfukoni. Lakini nilifika, nikavua glavu nikaugusa ukuta. Mawe ya karne ya 14, somo. Walioyapanga hawakujua kama kuna Marekani.

Kisa chenyewe ni cha umeme. Mwaka 1920 ulikuwepo mpango wa kupandisha maji mita tano tu, jambo ambalo kijiji kingeweza kuishi nalo. Mwaka 1939 kampuni ya Montecatini ikaja na mpango mwingine: mita 22, maziwa mawili ya asili yaunganishwe yawe moja. Tangazo lilibandikwa kwa Kiitaliano, katika nchi ambayo watu wake wanasali, wanagombana na kuuza ng'ombe kwa Kijerumani. Vita vikachelewesha kazi. Vilipokwisha, wenyeji walidhani na mpango umekwisha navyo, lakini mwaka 1947 kampuni ikatangaza kwamba inaendelea. Padri wa parokia, Alfred Rieper, alihangaika mpaka akafika Roma kwa Papa Pius XII. Haikusaidia kitu. Nyumba 163 zilizama, pamoja na hekta 523 za mashamba na malisho. Wengine walipewa vibanda vya mbao, wengi wakahama moja kwa moja. Mfugaji asiye na malisho akae afanye nini?

Mimi na wewe tumekulia kando ya bwawa linaloitwa Nyumba ya Mungu, na ndani yake tulichokijua ni perege wa Lang'ata. Hawa nyumba ya Mungu wanayo hasa, imo bwawani, na bwawa wameliita tu Ziwa la Reschen.

Sasa sikiliza habari ya kengele. Tarehe 18 Julai 1950 waliziteremsha kutoka mnarani. Wiki moja baadaye ndipo wakabomoa kanisa. Mnara ukaachwa kwa sababu ulihesabiwa kuwa jengo la kale la kuhifadhiwa.

Hiyo wiki moja ndiyo iliyonikaa kichwani njia nzima ya kurudi. Unajua kengele ilivyo katika vijiji vya milima hii. Inabarikiwa, inapewa jina la mtakatifu kama mtoto wa ubatizo. Inalia Malaika wa Bwana asubuhi, saa sita mchana na jioni. Inalia mtu akifa. Zamani waliipiga hata wingu la mvua ya mawe likija, ili kulifukuza. Basi fikiria siku zile saba. Kanisa bado lipo, watu bado wanachota maji na kukamua ng'ombe, jua linafika utosini, na hakuna kinacholia. Maji hayajafika mlangoni, lakini kijiji kimeshakufa, na kila mwenye masikio anajua.

Wewe na mimi tunaijua wiki ya namna hiyo. Unakumbuka rimu yetu ya lori, ile tuliyoipiga kama kengele, ilipoibwa pale kwenye mkwaju, tukasema wamekwenda kuiuza chuma chakavu? Jumapili ile bibi zetu walifika kila mmoja na saa yake. Yule wa bondeni aliingia wakati katekista anasoma matangazo, akapiga magoti kwa utulivu akidhani ndiyo kwanza Misa inaanza. Tulicheka, lakini nakumbuka babu hakucheka. Alikwenda mwenyewe gereji akarudi na rimu nyingine ya lori, na nondo ya kuipigia.

Huku wanasema usiku wa baridi kali kengele za Graun bado zinasikika chini ya barafu. Wanajua fika kwamba hazimo mle. Nilisimama pale karibu nusu saa, nikasikia upepo na mtoto mmoja anayelilia chokoleti. Mwaka 2021 walipunguza maji ili kufanya matengenezo, kuta na ngazi za nyumba za zamani zikaonekana, watu wakaja kutembea ndani ya kijiji. Siku niliyokwenda mimi magari yalijaa ukingoni, kila mtu anapiga picha ya mnara. Ni mzuri kweli, siwezi kukataa. Nami nilipiga, nakutumia mbili.

Turudi kwenye harambee yenu. Kuna mtu kaandika kwenye kundi la kigango kwamba ni nafuu kununua spika na kuweka mlio wa kurekodi. Mwambie mwenyekiti kwamba kwa hiyo spika sitoi hata senti. Kama ni kengele ya shaba ya kuyeyushwa, hata ndogo, natoa mara mbili ya nilichoahidi. Na rimu ya babu msiitupe wala msiiuze. Ipigwe siku za juma, kengele ipigwe Jumapili na sikukuu. Paroko akiuliza sababu, mwambie bibi wa bondeni anaijua sauti yake.

Nitumie vipimo vya ule mkwaju, au kama mmeamua kujenga mnara, nitumie mchoro. Na uniambie nani atakuwa mpigaji. Asiwe mwanao, yule anachelewa kuamka kama wewe.

Msalimie mama, mwambie soksi alizonifumia nilizivaa ziwani.

Somo yako