Kitabu changu, na wembe wa Mama

Mombasa, Jumapili usiku

Kwako shoga yangu Saumu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima isipokuwa Baba, na habari zake zitakuja. Wewe hujambo? Watoto? Yule wa mwisho ashaanza kutembea? Basi, salamu zimekwisha, maana nimekukasirikia na sitaki hasira zipoe kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Kitabu changu, Saumu. Utendi wa Mwana Kupona, ule wasia wa mama kwa bintiye juu ya kuishi na mume, kile chenye jalada lililoshikizwa kwa gundi na doa la chai kwenye ubeti wa kidani. Ulikichukua siku ya harusi ya Mwanajuma, ukasema wiki mbili. Mwanajuma leo ana watoto watatu.

Nakitaka kwa sababu Rukia wa dada yangu anaolewa mwezi wa Mfungo Pili, na shangazi zake wameketi wakakata shauri kwamba mimi, kwa kuwa nasomesha fasihi, nimsomee utendi usiku wa hina. Sikuulizwa, niliarifiwa tu. Nikasema inshallah, kisha usingizi ukaniruka. Nilikukumbuka wewe ulivyosimama darasani ukamwambia Maalim Shee kwamba utendi ule ni mnyororo uliofukizwa udi. Akakutazama weee, akasema, "Kaa, binti." Hukukaa.

Nami nilikuwa upande wako. Ubeti uliokuchoma ni ule wa siku ya kufufuliwa, mke anaposimama na mumewe akaulizwa atakalo:

Kipenda wende peponi
utakwenda dalhini
kinena wende motoni
huna budi utatiwa.

Tuliucheka kwa uchungu miaka yote ya chuo. Nikikunyima sukari chumbani, ulikuwa waniambia tu, "Huna budi utatiwa."

Sasa nikupe habari za Baba. Kiharusi kilimshika mwezi wa Rajabu. Upande wa kulia umelala, na maneno yameondoka yote ila moja: bado. Ukimuuliza umekula, bado. Umelala vyema, bado. Unaumwa wapi, bado. Daktari asema huenda mengine yakarudi kidogo kidogo. Wewe wamjua alivyokuwa. Akikohoa ukumbini, jikoni redio inazimwa. Ulikuwa ukivua viatu nje ya lango, mtaani, kwa kumwogopa yeye.

Juzi nikapita kwao kabla ya kazi nikamkuta Mama anamnyoa. Amemkalisha uani kwenye kiti cha plastiki, taulo shingoni, povu mpaka masikioni, na mkononi ana ule wembe wa kukunja wa marehemu babu, kwa kuwa hizi nyembe za dukani asema zamtoa vipele. Amemshika kidevu kwa vidole viwili, amekiinua. Baba macho juu, anautazama mlimau. Na Mama anaupitisha wembe kooni polepole, huku midomo inakwenda, sauti ile ya kupepeta mchele:

Mnyoe umpalilize
sharafa umtengeze

Nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani. Miaka kumi na minne nawaandikia wanafunzi ubaoni "sharafa: ndevu", nageuka, naendelea. Sikuwahi kufikiri kwamba mwenye kunyoa ndiye aliyeshika wembe.

Mama hakunitazama. Akaingia ubeti wa pili:

Mtunde kama kijana
asioyuwa kunena
kitu changalie sana
kitokacho na kungia.

Saumu, usome pole pole, na kama una kitabu changu hapo karibu, kifungue. Kijana huyu ni mtoto mchanga, asiyejua kusema. Na ndiye yule yule bwana ambaye beti chache nyuma ana ruhusa ya kukutia motoni! Mwana Kupona amemshusha kwenye kiti cha hukumu akamtia kwenye mbeleko, na hata sauti hakubadilisha. Kitokacho na kungia, hilo nalo sina haja ya kukufafanulia. Nyumbani kwetu sasa ni chumvi inayofichwa upande mmoja na ndoo upande wa pili.

Halafu unafuata ule wa "mpumbaze apumbae". Najua kwa watu wa kule kwao Lamu kupumbaza ni kumliwaza mtu, kumtuliza. Lakini pumbavu nalo limezaliwa nyumba hiyo hiyo, na Mwana Kupona Kiswahili alikijua kuliko mimi na wewe.

Usinikate kauli, sijamaliza. Wiki iliyopita walikuja ami zangu wawili kwa ile shamba ya Kisauni. Unajua maneno yake, miaka wanataka iuzwe. Wakaketi, wakanywa kahawa, wakala haluwa yote, kisha mkubwa akamwinamia Baba: "Kaka, tuuze?" Baba akasema, "Bado." Wakatazamana. Mama yuko pembeni anakunja nguo, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Mumemsikia wenyewe. Asema bado."

Wakaondoka! Baba angesema bado hata angeulizwa kama yeye ni mwanamke. Nilimtazama Mama nikataka kucheka, naye ananyoosha kanzu kwa kiganja kama hakuna lililotokea. Tangu siku hiyo najiuliza: miaka arubaini na mbili aliyokuwa akituletea amri jikoni, "baba yenu asema hivi, baba yenu hataki vile", ngapi zilikuwa za Baba?

Nakusikia ukiguna. Utaniletea Regina, yule mke wa Zakaria mlevi katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, kwa kuwa tangu uanze kuisomesha riwaya ile huna mfano mwengine. Najua. Regina alinyamaza, alitunza, na Zakaria alimpiga vile vile. Wembe wa kunyolea haukumsaidia mtu pale Ukerewe. Sina jibu la Regina, nakwambia wazi. "Akinena simjibu, itahidi kunyamaa": mume mwenye akili utamtawala kwa ubeti huu, na mlevi atakuua kwa ubeti huu huu. Hapo ndipo ninapokwama, na Rukia bado simjui vizuri huyo mchumba wake. Ana adabu mbele yetu. Nani hana adabu mbele ya wakwe?

Lakini mtazame mume ambaye Mwana Kupona alikuwa naye. Bwana Mataka wa Siu, kisiwani Pate, mtu aliyekataa kumwinamia Seyyid Said, sultani wa Unguja, majeshi yakaletwa Siu yakarudi yamevunjika. Akafariki 1856, mwaka ule ule aliofariki Seyyid Said mwenyewe. Mwaka 1858 mjane wake, yu mgonjwa, anamtungia binti yake Mwana Hashima, msichana wa miaka kama kumi na saba, beti 102. Na katika zote hizo hakuna ubeti hata mmoja wa vita, kama nakumbuka sawa, na ningekumbuka sawa zaidi kitabu changu kingekuwa kwangu. Simba wa Siu aliyekuwa akisumbua Unguja nzima, ndani ya utendi ni mwanamume amelala na kuna mtu anampepea. Ndiko alikobaki. Wewe unaona hilo ni bahati mbaya? Mimi naona mtunzi alijua anachofanya.

Na hilo jina la wajibu wa mke, ambalo kila mtu analifuata kuufasiri, walilitia wale wataalamu wa Kizungu, Werner na Hichens, walipouchapa 1934. Mwana Kupona mwenyewe auita wasiati, tena hirizi ya kufungwa kwa uzi. Kabla ya Vita vya Kwanza Alice Werner alimkuta Mwana Hashima mwenyewe yu hai Lamu, bibi kizee. Laiti angemuuliza, mama yako ulipomwandikia hivi alikuwa anatabasamu au vipi? Nafikiri hakumuuliza. Ningemuuliza hilo tu nikaenda zangu.

Kuna jingine nimeliona juzi tu, na laniuma. Mwanzoni kabisa:

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Tumeusoma mara mia. Aliyeanza kukosa kunena ni nani? Ni yeye. Mwaka mzima hakutamka, kisha akamwita binti na wino na karatasi, na alipofika kwa mume akamfananisha na asiyejua kunena. Siku hizi nikiingia kwetu nawakuta wawili wale uani, mmoja hana maneno na mwengine hajawahi kuyatumia mbele za watu, na sijui nimwite nani bubu.

Nilijaribu kumweleza Mama nadharia yangu. Nikamwambia, Mama, Mwana Kupona anafundisha kutawala, si kutii. Alikuwa anasafisha wembe. Akasema, "Nyinyi mliosoma mna kazi." Nikamshikilia: na ule ubeti wa peponi na motoni, wewe ukiufikia wausomaje? Akafikiri kidogo. "Huo nausoma mbio."

Sikucheka hapo hapo. Nilicheka ndani ya matatu, peke yangu, hadi kondakta akaniuliza kama nimesahau kushuka.

Lakini halafu jioni yake nikarudi kuchukua sufuria, taa ya chumbani inawaka, na Mama ameketi ukingoni mwa kitanda anamfunga Baba vifungo vya shati la kulalia. Baba akainua ule mkono mzima akamshika kifundo, nguvu ile ya zamani, Mama akasita. Nikaona uso wake, Saumu. Ni ule ule wa jikoni redio ikizimwa. Sekunde moja. Kisha akautoa mkono kidole kimoja kimoja akaendelea na vifungo. Kwa hiyo sijui. Asubuhi nasema ametawala, usiku nasema alikuwa akiogopa miaka yote hiyo, na wembe ni wembe tu.

Beti nyingi za mwisho, wakumbuka, amemwacha mume kabisa. Anamwomba Mungu mwenyewe: afya yake, wanawe, ndugu zake, madhambi yake. Hakuna anayesimama mlangoni kumpa ruhusa. Nafikiri usiku wa hina nianzie huko, niseme sauti imenikauka. Shangazi zake wataniona mjanja. Na Rukia ameshaniambia, "Khala, usinisomee zile za kupepea, tuna feni."

Sasa nijibu, na usijibu kwa vikatuni vya simu. Bado waamini ni mnyororo? Ungekuwa wewe ndiye Khala wa Rukia, ungesoma ngapi na kuruka zipi? Ubeti wa motoni, tuuruke, au tuusome mbio kama Mama, au tuusome pole pole ausikie vizuri ajue watu wamebeba nini? Mama yako wewe alisomewa? Uliwahi kumuuliza? Na yule mwalimu mwenzako aliyekuwa akiandika juu ya Bwana Mataka, alimaliza? Fatuma wa Kibokoni asema amehama, kweli? Na mumeo, maana hujamtaja tangu Muharamu, mko vipi? Hilo la mwisho unijibu ukipenda.

Kitabu mpe dereva wa basi la usiku, kifunge kwenye gazeti, andika jina langu kubwa. Nitamsubiri stendi alfajiri. Usikitie ndani ya kapu la viazi kama mara ile.

Mama akusalimu. Nimemuuliza Baba kama naye akusalimu, unajua alivyojibu.

Wako,
Mwanaidi